Miezi 22 ya shule ya nyumbani: redio, makaratasi, simu na mwalimu wa baraza, nimeonja zote

Kila ikisikika kuna ugonjwa umeingia, watu wanaanza kuniuliza pale soko, mama, wakifunga shule tena tufanyeje, tununue redio ama tutafute mwalimu? Wananiuliza mi kwa sababu wanajua wakati wa Korona nilijaribu kila kitu, mpaka vile vilivyokatazwa. Sasa nimechoka kurudia hii hadithi na mkono mmoja nashika gorogoro, lile kopo la kupimia, la mukene, yaani dagaa, wacha niandike mara moja nimalize, mwenye kusoma asome.

Kwanza mjue naongea kutoka wapi. Niko Busia, upande wa Uganda, nauza mukene na samaki wakavu. Nyumba yetu ni vyumba viwili na baraza, ndani tuko mi, watoto wawili na mama yangu mzazi ambaye ni mzee na ana sukari. Korona inaingia, kifungua mimba wangu alikuwa P6, yaani la sita la msingi, kitinda mimba ndio alikuwa ameanza P1, la kwanza, hata uniform ilikuwa bado inanukia duka. Shule zikafungwa tarehe 20 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza Uganda akathibitishwa kesho yake tarehe 21. Yaani tulifunga mlango kabla mwizi hajaonekana, na mi sikulalamika, nilisema serikali imefanya vizuri, mwezi mmoja ni nini bana.

Haya, mwezi mmoja. Wa darasa za mtihani walirudi Oktoba 2020, wengine wakaanza kurudi kwa zamu 2021, kijana wangu wa P6 akarudi Machi akasoma miezi michache, zamu ya wadogo ilikuwa ifike Juni, na Juni hiyo hiyo wakafunga tena. Milango ikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. UNESCO walihesabu wiki 83, hakuna nchi nyingine duniani ilifika hapo, wanafunzi kama milioni 15. Binti yangu yeye hizo zamu hakuzionja hata moja. Alitoka shule na umri wa miaka sita akarudi anakaribia nane.

Sasa tuanze na redio, maana ndiyo watu wengi wanakimbilia. Serikali mwaka 2020 ilikuwa imeahidi redio kwa kila nyumba na TV kwa vijiji, mi nikangoja, nikangoja, halafu nikatoa zangu shilingi elfu arobaini na tano za Uganda nikanunua ile ya sola yenye tochi na kitundu cha flashi. Kama kifaa haina maneno. Inashika stesheni vizuri, tochi yake ilituokoa umeme ukikatika, imeanguka mara nyingi kuliko mtoto wa kutambaa na bado inaongea. Shida yake ni moja, siku za mvua haichaji, na mvua ya Aprili hapa si mnaijua, unaiweka juu ya bati saa nne inatoka wingu saa tano. Nikinunua tena nitachukua ile inayokubali na betri za kawaida.

Lakini masomo yenyewe yanayopita kwa redio, hapo ndio kuna maneno. Mwalimu wa redio anauliza swali, anangoja sekunde tatu, halafu anasema vizuri sana! Nani amejibu? Mtoto wangu yuko nje anafukuza mbuzi wa jirani. Mara nyingine anasema tazameni mchoro ulio mbele yenu, mbele yetu kuna sufuria. Halafu redio ni moja na watoto ni wawili, kipindi cha P6 kikianza mdogo anazurura, kipindi cha wadogo kikifika mi niko soko na bibi yao hajui hiyo stesheni iko wapi. Na Kiingereza chao ni cha mbio, mtoto wa P1 ambaye nyumbani anaongea Kiswahili na Kisamia utamwambia nini kwa nusu saa ya Kiingereza cha mtu ambaye haoni mdomo wake?

Kitu kimoja kilichonichekesha, hapa mpakani mawimbi hayana pasipoti, ukigeuza kidogo tu unaingia KBC, redio ya taifa ya Kenya, unakuta masomo ya huko. Kijana akawa anasikiliza ya huko anasema mwalimu wao anaeleza polepole. Ilifika mahali anakuhesabia kaunti za Kenya bila kukosea na wilaya za Uganda hajui hata zinazopakana na sisi. Sikumkataza. Elimu ni elimu, si atakuja kufanya biashara huko huko.

Redio nawapa nyota mbili na nusu, kifaa nne, masomo moja. Wastani fanyeni wenyewe.

Makaratasi sasa. Hayo yalichapishwa na serikali, mengine yakatoka kwa magazeti, sisi yetu tulienda kuchukua kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, unaandikwa jina unapewa fungu moja la darasa. Nitasema ukweli, ya wadogo yalikuwa mazuri sana. Yana picha, yanamwambia mzazi hesabu mawe na mtoto, mpange vijiti, muulize jina la hiki na kile. Mi sikutafuta mawe, binti yangu alijifunza kujumlisha kwa vikombe vya mukene, ukimwambia vikombe vitatu na vinne anakupa jibu na bei. Ya P6 ndio yalinishinda. Hakuna majibu popote! Kijana aliyamaliza kwa siku tisa, akaniletea mama nisahihishe, na mi shule niliachia P7 zamani sana, naangalia ile sehemu ya desimali naona kama inaniangalia. Nikaweka tiki zote. Mungu anisamehe. Ukitaka nakala ya darasa lingine ni fotokopi, mia mbili kwa ukurasa, na fungu lina kurasa nyingi, hesabu mwenyewe halafu uniambie kama utakula jioni. Nyota tatu, na hizo tatu ni za P1.

Simu sitaongea sana maana presha yangu itapanda. Shule moja ya praiveti, sitaitaja, ilitangaza masomo ya WhatsApp kwa elfu arobaini kwa muhula, hata wasio wanafunzi wao wanakubaliwa. Nikalipa. Kilichokuja ni picha za ubao zilizopigwa jua linawaka, huoni maandishi unaona mwanga tu kama ni malaika ametokea. Swali ukiuliza unajibiwa baada ya siku mbili na kidole gumba. Simu yenyewe ni moja, ndiyo ninaagizia samaki, ndiyo napokelea hela, kijana akiishika asubuhi inarudi saa nane imezima na bando imekwisha na wateja wamenunua kwa mwingine. Ongeza na ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kila siku tuliyokuwa nayo toka 2018, ilipoondolewa Julai 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data, yaani watoto wa nchi nzima wako nyumbani wanaambiwa wasome kwa intaneti na hapo hapo intaneti inaongezwa kodi. Na Januari 2021 kwenye uchaguzi intaneti ilizimwa kabisa siku kadhaa, mwalimu wa WhatsApp hakutoa hata pole wala kurudisha siku. Nyota moja, na hiyo ni ya kidole gumba.

Kuna waliopitia njia nyingine, Kenya walipofungua zote tarehe 4 Januari 2021 wazazi wengine wa huku walivusha watoto wakasome Busia ya pili, ile ya Kenya. Mpaka ulikuwa na masharti, kwa hiyo ni njia za panya, mtoto na begi lake. Mi niliogopa. Si karo tu, niliogopa siku askari atamshika mtoto upande ambao sina ndugu. Waliothubutu watoto wao wako mbele leo, nakubali, sina wivu. Kidogo tu.

Sasa mwalimu wa baraza, na hapa mnivumilie.

Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya praiveti mtaani kwetu. Shule ikifungwa na karo haiingii mshahara umekufa, na hakuna wa kumuuliza. Aprili 2020 nikamkuta kando ya barabara anakaanga chapati, mwalimu mzima, mkono una unga, ananiita mama karibu rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai. Niliona aibu kuliko yeye. Nikanunua mbili, nikamuuliza polepole, mwalimu, ukimaliza unga wako saa nane unafanya nini? Akasema nalala. Nikamwambia njoo ulalie kwa baraza yangu.

Tukaanza na watoto sita, wangu wawili na wa majirani wanne. Shilingi mia tano kwa mtoto kwa siku, asiye na pesa analeta kitu, mi mara nyingi nilimlipa mukene, jirani mmoja alilipa kuni. Alipaka plaiwudi rangi nyeusi akaegemeza ukutani huo ndio ubao. Masaa mawili tu, saa nane mpaka saa kumi. Niliwaza atafundishaje P1 na P6 pamoja, kumbe ana akili, wakubwa anawapa kazi halafu anawafanya wasomeshe wadogo, kijana wangu alifundisha dada yake herufi na yeye mwenyewe sarufi ikamkaa kichwani kwa sababu hapendi kuulizwa akashindwa mbele ya mtoto. Na mwalimu alikuwa anaanzia kwa Kiswahili anaingia Kiingereza, neno kwa neno, si kama redio.

Wiki ya tatu mwenyekiti akaja. Mmekusanya watoto, sheria hairuhusu. Tukaongea, nikatoa kiti, nikatoa chai. Mwisho tukakubaliana watoto wakae mbalimbali, barakoa, jerikeni la maji lile la kukanyaga na mguu liwe mlangoni, na wasizidi sita. Wakageuka kuwa wanane. Alikuja tena, hakuhesabu, mjukuu wake ndiye alikuwa wa nane.

Makosa yake pia niseme, hii siyo tangazo. Chapati zikiuzika anachelewa, siku za soko kubwa haji kabisa na hasemi. Sayansi hakuigusa, nadhani haijui. Alimchapa mtoto wa jirani kwa mwiko nikamwambia hapa kwangu hapana, akaacha lakini alinuna wiki nzima. Na lokdauni ya Juni 2021 alipotea siku zote 42, akarudi anauliza tulifika wapi kama vile alienda chooni.

Lakini matokeo mnayajua nyinyi mlio jirani. Binti yangu Januari 2022 waliambiwa wote wapande darasa, akaingia P2 moja kwa moja, na mwalimu wake wa shule akaniita akaniuliza huyu alisomea wapi, kuna wenzake hawawezi kuandika majina yao. Sikumjibu vizuri maana sikujua kama ile baraza ni kosa bado. Kijana alifanya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, Novemba 2022 akapata divisheni ya pili. Nyota nne na nusu, ile nusu nimeishika kwa ajili ya mwiko.

Sasa swali lenyewe mnaloniuliza, wafunge ama wasifunge? Mi siko kwa wale wanaosema ugonjwa ulikuwa wa kusingiziwa. Juni 2021, ile Korona ya aina ya Delta, nilikuwepo. Hospitali zimejaa, oksijeni inatafutwa kama dhahabu, mtaani kwetu tulizika watu wanne kwa mwezi mmoja, na mama yangu alikohoa siku kumi na moja, mi nalala mlangoni nasikiliza kama bado anapumua. Kijana alikuwa ametoka shule siku chache tu kabla. Sijui kama ni yeye alileta, inaweza kuwa ni mi na soko langu, lakini usiku ule ungeniuliza shule zifungwe ningekwambia zifungwe zote na ufunguo utupwe ziwani. Rais alitangaza tarehe 6 Juni, siku 42, nikapiga makofi peke yangu.

Kilichoniuma ni kwamba siku 42 ziligeuka miezi saba. Ugonjwa ulishuka, soko likajaa, Septemba makanisa na misikiti ikaruhusiwa watu mia mbili mia mbili, na mwaka uliotangulia tulikuwa tumeona kampeni za uchaguzi walizoziita za kisayansi, eti bila mikutano, zikijaza watu barabarani. Mi kutwa nzima nasukumana na watu wasio na barakoa wananipumulia kwa samaki, mtoto wangu hana ruhusa kukaa na wenzake kumi chini ya mwembe. Tuliambiwa walimu wachanjwe kwanza, sawa, chanjo yenyewe ilikuwa inakuja kwa kipimo cha kijiko. Vyuo vikuu vikafunguliwa Novemba, na wadogo, ambao huu ugonjwa haukuwaumiza sana, ndio wakawa wa mwisho. Tanzania wote walisharudi toka Juni 2020, Burundi hawakufunga kabisa, sisemi walifanya vizuri kuliko sisi kwa kila kitu, nasema tu mtoto wa Kigoma na wa kwangu wana umri mmoja.

Na nyumba haikubaki vile ilivyokuwa ikingojea. Ile miezi kijana wangu alianza kusukuma mizigo kwa njia za panya, alikuwa na miaka kumi na tatu anapata elfu tano kwa siku, jioni ananiletea sukari na mkate, na mi, nitasema ukweli, nilipokea. Siku ya kurudi shule Januari akaniuliza, mama, nikienda shule nani ataleta sukari? Nilikaa kimya muda mrefu. Mabinti wawili wa mtaa wetu walirudi na watoto mgongoni, afadhali safari hiyo waliruhusiwa kuingia darasani. Wengine hawakurudi, shule nyingine za praiveti nazo hazikurudi, moja karibu na kwetu ni gereji mpaka leo. Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikuwa imeonya mapema kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi, watu wakasema wanatisha.

Linganisha na Ebola ya 2022. Novemba 25 shule zikafungwa wiki mbili kabla ya muda wake, kwa sababu kulikuwa na watoto wa shule Kampala walioambukizwa. Mtihani wa PLE ulikuwa umeshapita, likizo ilikuwa karibu, tarehe ya kurudi tunaijua. Nani alilalamika? Hata mwalimu wa baraza hakupata wateja, watoto walilala wakala wakacheza, basi. Kufunga kwa aina hiyo mi nakubali hata kesho, ugonjwa ukipanda kwa kasi na hospitali imejaa, funga wiki mbili, funga tatu, lakini siku unayofunga niandikie siku ya kufungua, na wadogo wa P1 mpaka P3 wawe wa kwanza kurudi, siyo wa mwisho, kwa sababu yule wa P6 anaweza kusoma peke yake akitaka na yule wa P1 hawezi hata akitaka. Isipotajwa tarehe mi nitajua ni ile ile ya miezi 22 imebadilisha shati.

Kwa hiyo mnaouliza mnunue nini. Redio nunueni, haikai bure. Makaratasi ya wadogo kama bado unayo usifungie nayo maandazi, yaweke. WhatsApp ya kulipia msinitaje. Mtafute mwalimu mtaani kwenu sasa hivi wakati hakuna ugonjwa, mkubaliane bei mapema, maana siku ya tangazo kila mtu atamkimbilia.

Wa kwangu bado anafundisha Jumamosi, shule yao ilifunguka akarudi kazini lakini baraza hakuiacha. Bei imepanda, ni elfu moja kwa mtoto, na mukene hapokei tena, anataka pesa.